Uzi maalumu: Baiskeli ya changarawe Tanga, kutoka mashamba ya mkonge na mto Zigi mpaka Pangani

Mleta mada

Habari za muda huu wakuu.

Nafungua uzi huu kwa sababu kila nikiposti picha za njia za mkonge napata maswali yale yale: umepita wapi, unatumia baiskeli gani, vumbi hilo unaliwezaje. Na lipo moja linaloniuma kuliko yote: "Tanga kuna nini cha kuendeshea, si tambarare tu? Nenda Lushoto." Lushoto ni kuzuri, sibishani na mtu. Ila anayesema tambarare haina kitu hajavuka mbuga ya udongo mweusi asubuhi ya baada ya mvua, wala hajapigwa na kusi, upepo wa kusini, usoni kutoka Machui mpaka Kigombe.

Msimamo wangu ni huu: kwenye nchi tambarare, mlima wako ni udongo. Ukitoka Pongwe kuja baharini unakanyaga udongo wa aina nne tofauti ndani ya asubuhi moja, na kila mmoja unataka upepo wake kwenye tairi, mwendo wake na msimu wake. Anayeujua udongo hufika Pangani mapema akanywa dafu. Asiyeujua huisukuma baiskeli kwa mguu kwenye njia ambayo mama mwenye ndoo ya samaki kwenye keria anaipita huku anaimba.

Kwa wageni wa mchezo huu kwanza. Baiskeli ya changarawe ina fremu nyepesi na usukani wa mapembe yaliyoinama kama ile ya mashindano ya lami, lakini foki na fremu vimepanuliwa vipitishe tairi nene, milimita 38 hadi 50. Mashindano yake yaliyopata jina kubwa yalianza mwaka 2006 huko Emporia, jimbo la Kansas, Marekani: maili 200, yaani kilomita 320 na ushee, za barabara za mashambani. Kinachowatesa watu kule ni gumegume, jiwe lenye makali linalopasua tairi ubavuni. Ubingwa wa dunia wa UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, ulianza 2022, Veneto nchini Italia. Majirani zetu Wakenya wana Migration Gravel Race kule Maasai Mara tangu 2021. Marehemu Sule Kangangi, Mkenya aliyekuwa nahodha wa Team Amani, aliipigania sana nafasi ya vijana wa Afrika Mashariki kwenye mchezo huu mpaka alipofariki mashindanoni Vermont, Agosti 2022. Mungu amrehemu.

Sasa turudi kwetu.

Udongo mwekundu. Huu ni wa mashamba ya mkonge, Pongwe kwenda Muheza na Ngomeni, na tena unaukuta upande wa Kigombe. Kiangazi juu kuna vumbi laini na chini pagumu, tairi linatiririka lenyewe. Njia za shamba zimenyooka na kukatwa mraba mraba ili trekta libebe majani kwenda korona, yaani kiwanda cha kukamua nyuzi za mkonge. Uzuri wake ndio hatari yake: mraba mmoja unafanana na mwingine, na ramani ya simu haijui njia ipi imelimwa mwezi uliopita. Mimi natumia Usambara. Asubuhi kukiwa kweupe unaiona magharibi. Ukiiweka mbele unakwenda Muheza, ukiiweka kisogoni unarudi baharini.

Ukipita karibu na korona, simama hata dakika tano. Nyuzi zimeanikwa kwenye waya mistari na mistari, nyeupe yenye manjano kwa mbali, na chini yake maji ya mkonge yanatiririka mtaroni na harufu yake kali ambayo mtoto wa Tanga anaijua tangu anazaliwa. Mmea huu tunaouona kama wa asili uliletwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida. Katika miche elfu moja iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Barabara zote hizi nyekundu tunazozifurahia zimetokana na miche hiyo 62, na jasho la manamba, vibarua wa mashamba, waliozifyeka kwa mkono. Mimi nikipita huko huwa nawakumbuka.

Mchanga mweupe. Huu ni wa kwenye minazi, vijiji vya ufukweni. Hapa usishindane nao. Gia nyepesi, mikono ilegee usukanini, macho yaangalie mbali na usikate kona ghafla. Angalia pembeni ya njia ya gari: utaona mkanda mwembamba, upana wa unyayo, uliokandamizwa na miguu ya watu. Huo ndio barabara yako. Wenyeji wameuchagua kwa miaka na hawajakosea.

Udongo mweusi. Mabondeni, kandokando ya mito na kwenye mbuga za mpunga. Mkavu una nyufa na matundu ya kwato za ng'ombe yaliyoganda, unakutikisa mpaka meno. Ukilowa unakuwa gundi. Unajikusanya kati ya tairi na foki mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na ukilazimisha unakata cheni. Huu hauna ujuzi. Kama imenyesha usiku, zunguka.

Kijivu cha chumvi. Uwanda wa nyuma ya mikoko. Nitauandikia peke yake chini, maana una ratiba yake.

Nakaribisha michango. Mafundi naomba msipite kimya.

---

Mgeni, Dar

Mkuu uzi umetulia. Swali langu ni la mfuko. Hizo baiskeli za mapembe bei yake mtu wa kawaida haiwezi. Ina maana huu ni mchezo wa wenye nazo?

---

Fundi, Ngamiani

Hapana ndugu yangu, ngoja nikujibu mimi nishikaye koleo kila siku.

Baiskeli ya Phoenix ya babu yako inavaa tairi ya 28 kwa moja na nusu. Pima kwa milimita utapata kama 40. Hizo za changarawe wanazouza ghali nyingi zinavaa 38, 40, 42. Kwa hiyo Tanga nzima ilikuwa inaendesha tairi za upana huo kabla mchezo haujapewa jina. Phoenix shida yake ni uzito, gia moja, na breki za vyuma ambazo rimu ikilowa hazishiki haraka. Kwenye tambarare gia moja unaishi nayo. Breki ndiyo uiheshimu.

Kama unataka kitu cha katikati, tafuta mtumba wa baiskeli ya mlimani, rimu ya 26, fremu ya chuma isiyo na springi nyuma. Chuma kikipasuka Muheza, Muheza kuna mtu wa kuchomelea. Alumini ikipasuka unarudi na gari. Kagua hivi: inua gurudumu la mbele, lizungushe, sikiliza. Ukisikia kama linasaga mchanga, goroli zimekwisha au hazina grisi. Shika krenki mbili uzivute kulia na kushoto, zikicheza hesabu gharama. Cheni ipime kwa rula: kutoka pini hadi pini, viungo ishirini na vinne vinatakiwa vitoe inchi kumi na mbili kamili, ikizidi moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha kabla haijala meno ya friwili.

Na jambo moja watu wanaliwa pesa: rimu ya Phoenix na rimu ya hizi za changarawe si saizi moja. Tairi ya Phoenix imeandikwa 635, zile za changarawe nyingi 622. Zote watu wanaziita ishirini na nane. Ukinunua bila kusoma ile namba ndogo ubavuni, haiingii, na kama mwenye duka hapokei bidhaa iliyorudishwa pesa imekwenda.

---

Mleta mada

Fundi shukrani sana. Hii ndiyo elimu niliyoitaka humu.

Mgeni wa Dar, umepata jibu. Mimi niongeze upepo tu. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi ya milimita 40 hadi 45 yenye tyubu, kwenye udongo mwekundu mkavu weka PSI 35 hadi 40. Ukiingia mchangani shusha hadi 28 hivi, usishuke chini ya hapo, maana ukigonga jiwe rimu inaing'ata tyubu inatoboka matundu mawili. Wenye matairi yasiyo na tyubu, yale yanayotiwa dawa ya kuziba pancha, wanaweza kushuka zaidi. Bebeni pampu ndogo. Kujaza upepo kidogo tena baada ya mchanga ni kazi ya dakika tatu, lakini mtu mvivu wa dakika hizo tatu huendesha saa nzima juu ya tairi laini na kulalamika kwamba Tanga ni ngumu.

---

Dada wa Pongwe

Assalaam alaykum. Mimi ni mwanamke, naendesha kila siku, na wala sijawahi kuita mchezo.

Naomba niseme mambo mawili. Kwanza, dada zangu wanaoogopa nguo: Phoenix yenye boksi la cheni lililofunika lote haili baibui wala kanga. Hizi mpya mnazosifia zina cheni uchi, kwa hiyo vaeni suruali ndani na nguo ya juu iishie magotini, au mfunge pindo kwa klipu ya nguo. Tanga mwanamke juu ya baiskeli hashangazi mtu, hakuna atakayekukodolea macho. Anayetoka mikoa mingine asije na hofu ya kwao.

La pili ni kwenu kina kaka. Hizo njia mnazopiga picha ndizo tunazopita kwenda kliniki, shamba, na kwenye kisima. Mnakuja kundi, mmevaa miwani, mnapita kasi katikati ya watoto na kuku bila hata kengele wala salamu. Kuna siku mzee ametoka njiani akaangukia kwenye mkonge, na mnajua ncha ya mkonge inavyochoma. Punguzeni mwendo mkiona nyumba, salimieni, na mkiuliza njia shukeni kwanza. Mtu haulizi njia kwa mkubwa akiwa ameketi juu ya siti.

---

Mleta mada

Dada yangu, hili nakushukuru mbele za watu wote na naomba kila anayesoma alishike. Kengele ni lazima, siyo pambo. Na salamu inalipa: mimi njia ya Zigi nilielekezwa na wazee niliosimama kuwaamkia, haimo kwenye ramani yoyote.

Tena niseme la ruhusa. Mashamba ya mkonge yana wenyewe. Njia nyingi hupitiwa na wanakijiji siku zote, lakini ukikuta geti na mlinzi, shuka, jieleze, na ukikataliwa geuza. Tukiharibu uhusiano huo, siku moja watafunga kwa ajili yetu na atakayeumia ni dada huyu anayekwenda kliniki.

---

Mdau aliyeko Finland

Naisoma hii nikiwa mbali na nyumbani na moyo unanienda mbio. Mimi ni mtoto wa Chumbageni.

Huku niliko ni tambarare pia, msitu karibu robo tatu ya nchi, na maziwa zaidi ya 180,000. Barabara za changarawe msituni zimejengwa kwa ajili ya malori ya magogo, zinasawazishwa kila baada ya majira ya theluji kuyeyuka. Hilo la ruhusa mlilolisema lina sura nyingine huku: wana haki ya tangu zamani inayomruhusu mtu yeyote kupita kwa miguu au baiskeli kwenye msitu wa mwenziwe, akachuma matunda pori na uyoga, ilimradi hakaribii nyumba wala haharibu mazao. Watu wanailinda haki ile kwa adabu. Wakiona taka moja ya mwendesha baiskeli wanaiokota wenyewe.

Nikilinganisha, changarawe ya huku ni laini na msitu unakukinga na upepo, unaweza kuendesha siku nzima bila kubadilisha gia. Tanga inakubadilishia ardhi kila kilomita chache. Likizo ijayo nitakuja na baiskeli yangu. Swali: je, upande wa Zigi pana maji ya kuonekana kweli, au mto tu?

---

Mleta mada

Karibu nyumbani mkuu. Maji yapo.

Zigi inashuka kutoka Amani, Usambara Mashariki, inakuja kuingia baharini kaskazini ya jiji. Kabla ya kufika Amboni imezuiwa, na hapo ndipo lilipo bwawa la Mabayani ambalo jiji la Tanga linanywa maji yake. Ukifika juu ya ukingo asubuhi unaona ziwa limelala katikati ya vichaka, ndege wa maji wametanda, na huku nyuma milima. Hapo ni kuangalia tu. Hakuna kuogelea, kufua wala kuosha baiskeli, ni maji ya kunywa ya mji mzima. Na mamba wapo kwenye mito yetu, hilo sihitaji kulipamba.

Safari ninayoipenda mimi inaanza mjini, inafuata barabara ya Horohoro mpaka Amboni. Kipande hiki ni lami na malori ya mpakani, kwa hiyo toka adhana ya alfajiri barabara ikiwa bado nyeupe. Amboni unakata kushoto kwenda mapangoni. Mapango ni ya mawe ya chokaa, yamechongwa na maji, na mto Mkulumuzi unapita hapo hapo chini ya miti mikubwa. Kivuli kile saa tatu asubuhi hakina bei. Karibu yake kuna chemchemi ya maji moto ya Galanos yenye harufu ya kiberiti, jina la Mgiriki mmoja aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Kutoka hapo unaingia njia za vumbi kufuata Zigi kwenda juu. Njia inabadilika: mwekundu, halafu vipande vya chokaa nyeupe yenye vijiwe vikali, halafu ukishuka kwenye vijito ni mweusi. Chokaa ile ikilowa inateleza kama sabuni, teremka ukiwa umenyoosha usukani na usiguse breki ya mbele.

Zigi ikiwa na maji mengi ina rangi ya chai ya maziwa. Ukikuta kivuko cha miguu kimefunikwa, rudi ulikotoka hata kama unaona watu wanavuka. Wao wanajua jiwe liko wapi.

---

Fundi, Ngamiani

Nimesahau la mwiba, na bila hili mtalala shamba.

Mkonge una ncha nyeusi mwisho wa jani, ngumu kama sindano ya cherehani. Ikiingia kwenye tairi inakatikia ndani ya mpira, nje huoni kitu. Mtu anabadilisha tyubu, anajaza upepo, baada ya mita mia mbili pancha tena, anadhani kauziwa tyubu mbovu. Fanya hivi: toa tairi upande mmoja, chukua kitambaa cha pamba ukipitishe ndani taratibu kuzunguka lote. Kitakaponasa, hapo ndipo ulipo mwiba. Usipitishe kidole kitupu. Usukume kutoka nje kuja ndani kwa ncha ya spoki, uushike kwa koleo uutoe. Ndipo ubandike: sugua tyubu kwa msasa mpaka ipoteze kung'aa, paka solusheni nyembamba, subiri ikauke mpaka haishiki kidole, bandika kiraka, gandamiza. Watu wanabandika solusheni ikiwa mbichi, ndiyo maana viraka vinavuja.

Mbigili nayo ipo kwenye viwanja na kando ya njia za mifugo. Ukizipata usizing'oe zote hapo porini ukiwa na tyubu moja. Zikiwa zimeziba, endesha polepole mpaka kwenye kivuli, kazi ifanyike umekaa.

---

Mleta mada

Sasa Pangani na ule udongo wa kijivu.

Barabara kuu ya Tanga hadi Pangani ni kipande cha mradi wa kilomita 256 wa Bagamoyo, Saadani, Pangani hadi Tanga, wenye daraja la mita 525 la kuvuka mto Pangani. Nafurahia lami kwa ajili ya wagonjwa na wavuvi. Kwa baiskeli lakini lami maana yake ni mabasi yanayokimbia, na mimi nawasihi tusiache zile njia za ndani zikafa nyasi: za minazi upande wa bahari, na za mkonge upande wa bara. Njia isiyopitwa msimu mmoja wa masika, mwaka unaofuata huikuti.

Toka mjini kupitia Machui. Simama Tongoni, pale kwenye msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, mji ulioitwa Mtangata. Ni kwenye miamba ya maji yale ambapo meli São Rafael ya Vasco da Gama ilikwama 1498, na mwaka uliofuata wakarudi wakaichoma moto hapo hapo kwa kukosa mabaharia wa kutosha. Makaburi mengine yameinama, ukuta umebanduka chokaa. Egesha baiskeli nje, usiiegemeze kwenye nguzo.

Nyuma ya mikoko ndipo ulipo uwanda wa chumvi. Ukiuona kwa mara ya kwanza unadhani ni uwanja wa ndege: kijivu, bapa, hakuna hata jani, pembeni michu, aina ya mikoko, mifupi iliyodumaa kwa chumvi. Maji yakipwa siku za maji mafu, ule utando wa juu umekauka na unabeba tairi vizuri kabisa, unaendesha bila kusikia sauti. Lakini siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, bahari inafika mpaka huko, na utando ukilowa chini yake kuna tope la mikoko lisilo na mwisho. Dalili ni rangi. Kijivu chenye unga mweupe wa chumvi, pita. Kijivu kilichoiva chenye mng'ao na matundu mengi ya kaa, kaa mbali. Muulize mvuvi maji yanajaa saa ngapi, na ujipe nafasi ya saa mbili. Ukimaliza, osha cheni na maji baridi ya kisima siku hiyo hiyo uitie oili, chumvi haisubiri kesho.

Ukifika Pangani mji ule ule wa boma na milango ya nakshi unakupokea. Hapo ndipo Bushiri bin Salim alinyongwa na Wajerumani, Desemba 15, 1889, baada ya kuwasumbua pwani nzima. Kaa ukingoni mwa mto uuangalie: umetoka Kilimanjaro na Meru, umepita Nyumba ya Mungu, umezungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani Falls, na bado una nguvu ya kuisukuma rangi yake mbali baharini.

---

Mdau wa Bagamoyo

Watanga mna bahati. Sisi huku tuna bonde la Ruvu, na mliosema kuhusu udongo mweusi mmesema kweli tupu. Kiangazi tunatoka mjini kwenda Kaole, Mbegani, Mlingotini, kote mchanga na minazi na mikoko, safari ya asubuhi moja. Upande wa Makurunge unapata msitu na njia ndefu za vumbi. Mabondeni karibu na Ruvu viboko wanatoka jioni kula, usikutwe huko jua linazama.

Swali: kuna mtu ameunga Bagamoyo na Pangani kwa kukata Saadani?

---

Mleta mada

Hapo naomba tuelewane vizuri. Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005, pekee ya Tanzania Bara inayogusa bahari, na ndani yake kuna simba na tembo. Baiskeli haikukingi na chochote, na usiingie kwa njia za panya. Wasiliana na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kabla ya safari, usikie utaratibu wao, na wakisema panda gari kipande hicho, panda. Pangani ukivuka ng'ambo ya Bweni kuna kilomita nyingi za kuendesha, Ushongo na kwingineko, kabla hujafika mpaka wa hifadhi.

---

Mgeni, Dar

Nimeshawishika. Nije mwezi gani, na nibebe maji kiasi gani?

---

Mleta mada

Epuka masika, Machi hadi Mei. Vuli, Oktoba hadi Desemba, ina siku nzuri katikati ila uwe tayari kuzunguka mabonde. Juni hadi Septemba ni bora: pakavu na joto limepungua, lakini ndio wakati wa kusi.

Kwa kusi panga hivi. Kwenda Pangani unakwenda kusini, upepo uko usoni, kwa hiyo uondoke alfajiri kabla haujaamka, uwe umefika kabla ya saa nne. Kurudi alasiri unakusukuma mgongoni. Kwenye kaskazi, kuanzia Desemba, mambo yanageuka: unakwenda kwa raha na kurudi unapigana nao ukiwa umechoka na jua la Januari utosini. Siku hizo mimi narudi na basi.

Maji beba lita tatu. Moja iwe na chumvi: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, kamulia ndimu. Vijijini utapata madafu, vitumbua na mihogo asubuhi. Baada ya saa tano mama ntilie wengi wa njiani wamemaliza, kwa hiyo kula ukikuta, usingoje njaa.

---

Mgeni, Dar

Basi linabebaje baiskeli bila kuiharibu? Mara ya mwisho, njia nyingine, wameniletea imepinda.

---

Fundi, Ngamiani

Ifunge mwenyewe, usimwachie konda. Toa gurudumu la mbele. Katikati ya foki kata kijiti upana wa ekseli ukibane pale, ili ikigandamizwa isijifunge. Geuza pedali ziangalie ndani. Ilaze juu ya keria upande wa cheni ukiwa juu, usiruhusu gunia la mtu liwekwe juu yake. Funga kwa mpira wa tyubu kuukuu sehemu tatu: kichwani, chini ya siti, na kwenye foki ya nyuma. Kamba ya katani inalegea njiani, mpira haulegei. Gurudumu ulilotoa panda nalo ndani, na ukifika Kange lipe upepo kabla hujatoka stendi.